Marahaba ya Mlango wa Mwisho

Tuelewane mapema: Sefania hakufungwa na mtu. Wapo watakaosema kijana alizuiliwa, mara alinyanyaswa, mara alirogwa. Hakuna. Mlango wa nyumba ya Mzee Abrahamu pale Lukozi haukuwa hata na komeo la maana. Ulizuiwa kwa jiwe, na jiwe lenyewe mbuzi alilisukuma akitaka kuingia kula maganda ya viazi. Barabara ilipita chini ya nyumba, pikipiki zinapanda na kushuka, na alfajiri gari la kwenda Lushoto lilipiga honi mpaka majogoo wakakasirika. Mtu angebeba begi lake akaenda zake. Lakini Sefania, kijana mzima mwenye ndevu zake, alikuwa amekwama kwenye nyumba ile kama Fuso kwenye tope la masika, na kilichomkwamisha ni neno moja ambalo baba yake hakutaka kulisema.

Neno lenyewe ni marahaba.

Kila asubuhi Sefania alitoka chumbani kwake, akaenda jikoni ambako mzee alikuwa anaota moto, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo baba." Na kila asubuhi mzee alitazama moto. Si kwamba hakusikia. Masikio ya Mzee Abrahamu yalikuwa mazima kuliko ya vijana wengi. Alisikia mtu akichuma peasi zake bondeni. Alinyamaza kwa kutaka, na alikuwa ananyamaza hivyo tangu mavuno ya viazi ya mwaka juzi.

Sasa mtu anaweza kuuliza, neno tu, lina nini? Huyo hajalelewa milimani. Usipoitikiwa huwezi kuketi. Ukiketi kwa nguvu, ugali haushuki. Huwezi kuomba kitu, huwezi kuomba radhi, na mbaya kuliko yote huwezi kuaga, maana utamuagaje mtu ambaye hata hajakupokea? Mkubwa akikunyima marahaba amekuacha umesimama mlangoni, na Sefania alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba aliyozaliwa, kila siku ya Mungu, huku akilala ndani yake.

Na kabla hujamhukumu mzee, subiri kwanza nikwambie kijana alifanya nini.

Sefania alipelekwa Tanga kusomea utabibu. Fahari ya nyumba nzima, fahari ya usharika mzima. Basi mtoto huyu, ambaye tangu shule ya msingi alikuwa bingwa wa kuua mazimwi kwenye kioo cha kompyuta, alianguka chini puu mara ya kwanza alipoona mgonjwa wa kweli akitoka damu. Akaanguka mara ya pili. Mara ya tatu hakungoja kuanguka, alikusanya nguo zake akaacha chuo. Hilo si kosa. Damu imewashinda wengi. Kosa ni kwamba hakusema. Alibaki Tanga akihangaika na kompyuta za watu, na aliporudi likizo, ambayo haikuwa likizo, akamkuta baba yake ameandaa sadaka ya shukrani.

Mzee Abrahamu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti moja ya kahawia iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Jumapili ile alipita mbele na jogoo mkubwa mwekundu na kikapu cha peasi, matarumbeta yakapigwa, na akasimama mbele ya usharika kumshukuru Mungu kwa masomo ya mwanawe. Sefania alisimama kando yake amevaa shati jeupe. Mchungaji alimwombea daktari wetu mtarajiwa. Sefania akasema amina. Kule nje, kwenye mnada wa sadaka, watu waligombania jogoo yule, kila mmoja akitaka kuku wa baraka.

Ukweli mzee aliukuta sokoni Lushoto, kwa mfanyabiashara mmoja wa Tanga ambaye binti yake alisoma chuo kilekile. Yule bwana wala hakuwa na nia mbaya, aliuliza tu kwa kumhurumia: yule kijana wako aliyeacha masomo, alipata kazi nyingine? Mbele ya watu, mizani ya karoti ikiwa mkononi mwa mzee.

Alirudi nyumbani akamwambia mkewe maneno mafupi: "Huyu amenisimamisha mbele za Mungu na uongo." Akajiuzulu uzee wa kanisa. Suti ya kahawia akaitundika msumarini na hapo ikabaki. Na kuanzia kesho yake, Sefania alipomwamkia, mzee alitazama moto.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilimuuma mama zaidi ya yote. Sefania ndiye kifungua mimba, kwa hiyo tangu azaliwe mzee alimwita mkewe Mama Sefania. Baada ya soko lile la Lushoto akaanza kumwita Mama Esteria, kwa jina la binti yao aliyeolewa huko chini Mazinde. Hakueleza wala hakutangaza. Alibadilisha tu, na mama akawa anaitika huku roho inamchoma.

Na akiwa na haja na mwanawe, mzee alimpitishia mama. "Mama Esteria, mwambie huyo mtu maji yameingia kwenye banda la mbuzi." Huyo mtu yuko pale pale, anakunywa uji, anasikia kila neno. Mama inambidi ageuke, aseme, "Baba yako anasema maji yameingia bandani." Ungeyaona ungecheka. Wao hawakucheka.

Basi ndani ya kimya kile Sefania alipata pa kujificha. Kulikuwa na gemu la zamani la kupiga risasi, la zamani hasa, lile ambalo askari unayemcheza humwoni ila mikono yake na bunduki, nawe unapita kwenye vichochoro unafyatulia kila kinachosogea. Gemu la namna hiyo halifi, maana wanaolipenda wanalifungua na kulishona upya: wanabadilisha nyumba, sura, sauti, wanatengeneza kitu kipya juu ya kile cha kale. Hicho kilichoshonwa upya wao wanakiita mod. Wanafanya kwa mapenzi tu, hakuna anayewatuma.

Kikundi cha Sefania kilikuwa na watu waliotawanyika dunia nzima, mmoja Brazili, wawili Polandi, na kiongozi wao Clemence alikuwa Arusha. Wazo lao lilikuwa la wendawazimu: kuyaoza magemu mawili. Bwana harusi ni lile la kupiga risasi. Bibi harusi ni lile la shamba tulilolicheza wote kwenye simu za vitufe, la kupanda mahindi, kufuga kuku na kuwatembelea majirani. Askari wa lile anatoroka vichochoroni mwake na kujikuta kijijini mwa hili, na bunduki yake mkononi. Kila mtu alitengeneza hatua moja ya safari. Ya mwisho alipewa Sefania.

Na Sefania akatengeneza Lukozi. Matuta ya kabichi yanayopanda mlima kama ngazi, ukungu, nyumba za bati, kanisa juu. Lakini kilichowamaliza wenzake ni hiki: kwake bunduki haifanyi kazi. Askari anafika mlangoni, kuna mzee ameketi. Ukibonyeza kitufe cha kufyatua, mkono unashuka na askari anasema shikamoo. Mzee akisema marahaba, mlango unafunguka. Ukijidai una haraka ukampita mzee bila kumwamkia, milango yote nyuma yako inajifunga, na hapo utazunguka mpaka uchoke. Yule wa Brazili aliandika kwamba amezunguka jioni nzima na hajui amekosa nini. Clemence alicheka mpaka akapaliwa.

Sauti Sefania alizitaka za kweli. Alizunguka kijiji na simu yake. Mzee Kristian, jirani wa juu, alisema marahaba yake huku anakamua ng'ombe. Bibi Rahabu wa njia ya kisimani alisema yake, akaisikiliza, akakunja uso, akadai irudiwe kwa sababu inasikika kama ana mafua. Wengine walirefusha, wengine waliongeza "mjukuu wangu". Wote walifurahi kuingizwa kwenye gemu, na wote, hakuna aliyekosa, waliuliza swali lile lile.

"Na ya baba yako umeshachukua?"

"Ya baba nitaichukua nyumbani," alijibu Sefania.

Ona sasa alivyojitega mwenyewe. Kwenye mlango wa mwisho kabisa wa Lukozi yake alikuwa ameshamweka mzee mmoja juu ya kigoda, koti la mvua mgongoni, kofia ya sufu kichwani, ameipa njia mgongo. Mbele ya mzee yule kuna lango, na nyuma ya lango kuna barabara ya kushuka Mombo na kwenda duniani, na hapo ndipo gemu linapoisha. Mzee akisema marahaba, lango linafunguka. Sauti yake ilikuwa haipo.

Clemence akapiga simu. Sefania alipanda mpaka kwenye jiwe la nyuma ya kanisa, ndipo mtandao unapokamata vizuri.

"Kaka, kila kitu tayari ila mlango wako," alisema Clemence. "Tunalitoa Jumapili. Na lile jambo letu limekubaliwa. Jumatatu unaanza kazi hapa kwetu, nimewaambia wenzangu kwamba nina fundi. Usiniangushe."

Kazi ya kutengeneza magemu, Arusha, chumba cha kulala kipo. Sefania alifurahi, kisha furaha ikaingia ubaridi. Kwenda alitaka, Mungu anajua alitaka. Lakini aondoke vipi? Apite mbele ya baba yake na begi kama mwizi? Alishaondoka nyumbani mara moja na uongo begani. Kuondoka bila kuaga kungekuwa mara ya pili, na alijua moyoni kwamba safari hiyo isingekuwa na kurudi.

"Nimekosa sauti moja," alisema.

"Weka yoyote. Nani atajua?"

Akajaribu, usidhani hakujaribu. Alichukua marahaba ya Mzee Kristian, akaishusha chini, akaipunguza mwendo. Lango likafunguka vizuri tu, na Sefania akajiona kama mtu aliyeiba kanisani. Akaifuta. Kisha, na hili lilimtia aibu hata akiwa peke yake, akajirekodi yeye mwenyewe akiigiza sauti ya baba. Askari akasema shikamoo kwa sauti ya Sefania, mzee akajibu marahaba kwa sauti ya Sefania. Alizima kompyuta akakaa anatazama ukuta.

"Si uende tu," mama alimwambia, akimenya viazi. "Nani amekushika?"

"Nimuage nani, mama?"

Mama alimenya kiazi kimoja hadi kikabaki kama gololi.

Jumamosi ni siku ya gulio, na mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kosa alilolifanya Sefania siku hiyo lilikuwa la kitoto kabisa: alimpa Dula nakala ya mod ajaribu kama inakubali kwenye mashine nyingine. Dula, mtu wa Tanga aliyeletwa Lukozi na biashara akazoea baridi, ana banda la gemu karibu na pale yanapopakiwa mazao. Sefania alidhani watacheza watoto wawili watatu. Alisahau mvua. Magari ya kabichi yalichelewa, wakulima wakatafuta pa kujibanza, na banda la Dula lina bati zuri.

Alipofika kuulizia majibu, alikuta watu wamejaa mpaka nje. Ndani walikuwa wanacheka machozi. Kijana mmoja ameshika vitufe, askari anatembea kwenye matuta ya Lukozi, na kila mlango sauti inatoka ambayo kila mtu anaijua.

"Huyo Kristian," mtu alisema. "Sikia ng'ombe wake nyuma."

Bibi Rahabu alikuwa amekalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, na askari alirudishwa kwake mara kwa mara ili amwamkie tena. Kila mara bibi naye aliitikia kutoka kitini, akawa anajibu mara mbili, huku na kule. Watu hoi. Sefania alisimama nyuma na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alijisikia mtu wa kwao. Walimpigapiga mgongoni. Mzee mmoja alimwambia, "Kijana una akili, sisi tulidhani umepotea."

Kisha askari akafika mlango wa mwisho.

Shikamoo, alisema askari. Mzee wa kwenye kigoda kimya. Shikamoo. Kimya. Yule kijana akabonyeza na kubonyeza, shikamoo, shikamoo, shikamoo, na mgongo ule wa koti la mvua haukutikisika. Kicheko kikapungua ndani ya banda. Watu wakaangalia kofia, koti, kigoda.

"Huyu si Abrahamu?" aliuliza mtu taratibu.

"Kumbe hata kwenye kompyuta hajibu," mwingine akasema, na hapo banda lote likalipuka.

Sefania alitaka kupenya aende akazime mashine, lakini watu walibanana, akabaki katikati hawezi mbele wala nyuma. Ndipo alipogeuza shingo na kuona mlangoni mtu amejifunika gunia kichwani kujikinga mvua, maji yanamchuruzika kwenye mikono. Alikuwa baba yake. Alikuja kujibanza kama wengine. Watu wakamwona mmoja mmoja na kunyamaza, na ndani ya kimya hicho askari wa kwenye mashine aliendelea kumwamkia mzee wa kwenye mashine, maana yule kijana alikuwa bado hajaondoa kidole. Mzee Abrahamu alitazama mgongo wake mwenyewe kwenye kioo. Alitazama muda mrefu. Kisha akaondoka na gunia lake kwenye mvua.

Unaona ubaya wake? Mara ya kwanza alimwaibisha baba mbele ya usharika, mara ya pili mbele ya gulio zima. Na mara hii, Mungu ni shahidi, hakukusudia. Alikimbia nyumbani anateleza kwenye tope, anatunga maneno ya kuomba radhi njiani, na alipofika kizingitini akakumbuka kwamba maneno yote hayo hayana pa kupitia. Kuomba radhi kunaanza na salamu.

Mzee alikuwa ameketi sebuleni kwenye kigoda chake, nguo zimelowa. Sefania alisema shikamoo kwa sauti iliyokatika. Mzee alitazama ukuta.

Akaenda chumbani akafungasha. Nguo hazikuwa nyingi. Alikata shauri kwamba alfajiri ataondoka, na lile lango la mwisho atalibomoa kabisa, askari apite bila kuamkia mtu, na Clemence atakuwa ameridhika. Alilia kidogo, mlango ukiwa umerudishwa. Bati lilikuwa linapiga kelele, hakuna aliyemsikia.

Jioni haijaingia, sauti ya baba ikatoka sebuleni.

"Mama Esteria. Mwambie huyo mtu aje na simu yake."

Mama alikuwa ameinama kwenye beseni la maharage. Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye khanga, na akasema kitu ambacho hajawahi kukisema katika ndoa yake.

"Mwambie mwenyewe. Mimi nimechoka." Akachukua beseni lake akaenda jikoni.

Basi wakabaki wawili, mzee sebuleni na kijana mlangoni mwa chumba, katikati yao hakuna wa kupokezana maneno. Bati likapigwa weee. Mzee alikohoa. Alipoanza kusema alisema na ukuta, lakini walau ukuta wenyewe ulikuwa upande alioko Sefania.

"Yule mzee wa kwenye mashine amevishwa kofia mbaya."

Sefania akasogea hatua moja.

"Mimi kofia yangu haina kishungi. Ile ina kishungi, kama ya mtoto."

"Nitakiondoa," alisema Sefania.

"Na akiamua asijibu, inakuwaje?"

"Gemu haliishi. Anayecheza anabaki palepale."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mzee aitikie."

Mzee Abrahamu alilifikiria jambo hilo. "Watu wameacha kabichi kwenye mvua," alisema mwishowe, "wamekaa kungoja mtu wa kuchorwa afungue mdomo. Kristian alinifuata mpaka njiani kuniuliza kama nitaitikia. Mtu mzima." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Wakwamuke."

Sefania akaja, akawasha sehemu ya kurekodi na kumsogezea. "Sema marahaba," alisema. "Neno hilo tu."

"Nimwambie nani?"

"Simu."

Hapo mzee akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alimtazama mwanawe usoni, na ilikuwa kwa hasira. "Mimi si kasuku. Marahaba haisemwi hewani. Nani ameniamkia?"

Na kweli, hao wengine wote, Kristian na ng'ombe wake, Bibi Rahabu na mafua yake, Sefania aliwaamkia kwanza ndipo wakaitikia. Hakukuwa na njia nyingine ya kulipata neno lile. Alilijua hilo tangu mwanzo na ndiyo maana alikuwa akilikwepa. Akashika simu kwa mikono miwili, akainama.

"Shikamoo baba."

Mvua ilipungua, ikazidi, ikapungua. Sefania aliangalia vidole vya baba yake juu ya magoti, vina udongo kwenye kucha, na akawaza kwamba hata sasa hataitikia, kwamba amemwita ili amnyime kwa karibu.

"Marahaba," alisema Mzee Abrahamu.

Haikufanana na ile aliyoiigiza. Ilikuwa ndogo, ina mikwaruzo, kama kitu kilichokaa sana bila kutumika. Sefania alibaki ameinama kwa sababu uso wake haukuwa wa kuonyeshwa mtu.

"Imeingia?" aliuliza mzee.

Sefania akatazama simu. Haikuwa imeingia. Kioo kilikuwa kinamwambia kwamba nafasi imejaa. Simu nzima ilikuwa imejaa marahaba za wazee wa watu, na ya baba yake imekosa pa kukaa.

Angeweza kusema imeingia. Angeitikia kwa kichwa, mzee angenyanyuka na heshima yake, na lango Sefania angelimaliza kwa njia yoyote huko Arusha. Neno moja dogo. Alikumbuka shati jeupe, jogoo mwekundu, na amina yake mwenyewe.

"Haikuingia, baba," alisema. "Simu imejaa."

Alingoja kofi, au kimya, na katika hivyo viwili aliogopa kimya. Mzee aliinyoosha shingo akakitazama kioo cha simu, ingawa maandishi madogo namna ile hakuyaona bila miwani.

"Haikuingia kabisa?"

"Kabisa."

"Basi itakuwa imekwenda kwingine," alisema mzee.

Akavua koti lake lililolowa, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari wa suti ya kahawia, juu yake. "Futafuta huko upate nafasi, uniamkie tena, hiyo iwe ya mashine. Na hilo gari la alfajiri lisikubebe kabla sijaamka. Utaniaga."

Sefania alitaka kusema ndiyo baba, na sauti haikutoka. Asubuhi zote zile alikuwa amelisema neno lake bila shida kwa mtu asiyejibu, na sasa aliyejibu yuko mbele yake, neno ndilo lililogoma. Akaitikia kwa kichwa tu.

Mzee aliketi akanyoosha miguu. Akageuza uso kule jikoni, akaita kwa sauti ya kushinda mvua.

"Mama Sefania. Tuletee chai, tunaongea hapa."

Jikoni, mwiko uliokuwa unakwangua sufuria ulisimama. Wote wawili wakasikiliza, na kwa muda walidhani hakusikia.

"Abee," mama aliitika.